Kadi za Harusi Zinavyokula Faida ya Madaftari

Tuchukue kiwanda kidogo cha uchapaji chenye bidhaa mbili: madaftari ya shule kwa maelfu na kadi za harusi kwa mamia. Karatasi na wino vinahesabika kwa kila oda. Ugumu uko kwenye gharama za jumla: pango, umeme, mshahara wa fundi. Kila bidhaa ibebe kiasi gani?

Njia iliyozoeleka ni kugawa kwa saa za mashine. Tuseme gharama hizo ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi, na mashine huchapa kwa saa 200: madaftari 180, kadi 20. Kila saa inabeba 30,000. Kadi zinaangukiwa na 600,000 tu, madaftari 5,400,000. Mwenye kiwanda anaona kadi zina faida nono, anazipunguzia bei ili avute wateja zaidi.

Lakini mwangalie fundi. Kila ikiingia oda mpya anasimamisha mashine, anaosha rola, anafunga pleti, analinganisha rangi. Tuseme 4,000,000 kati ya zile milioni sita huishia kwenye maandalizi hayo, yanayofanyika mara 40 kwa mwezi: 30 kwa ajili ya kadi, 10 kwa madaftari. Kila mara inagharimu 100,000. Basi kadi zinabeba 3,000,000, pamoja na 200,000 za mgawo wa saa katika milioni mbili zilizobaki. Jumla ni 3,200,000, zaidi ya mara tano ya hesabu ya kwanza. Madaftari yanashuka hadi 2,800,000.

Huku ndiko kugawa gharama kwa shughuli, mbinu iliyovuma miaka ya 1980 kupitia Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard. Msingi wake ni kwamba bidhaa hutumia shughuli, na shughuli ndizo zinazotumia fedha.

Kukusanya takwimu zake kunachosha, ndiyo maana mwaka 2004 Kaplan na Steven Anderson walileta namna nyepesi inayopima muda wa kila shughuli. Anayeuza bidhaa ya aina moja haihitaji kabisa. Ila kama unachanganya oda kubwa na ndogo, usipange bei kabla hujajua kila oda inaisimamisha mashine mara ngapi.