Dawa Inalipa au Hailipi? Kweli na Uzushi Kuhusu NICE

Huko Uingereza, tangu 1999, chombo kiitwacho NICE ndicho kinachopima kama dawa mpya inastahili kugharimiwa na NHS, huduma ya afya inayoendeshwa kwa kodi. Kikikubali, NHS ya England hulazimika kuilipia, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Kikikataa, magazeti huja juu. Tupime yanayosemwa.

“Dawa ghali hukataliwa kwa sababu ya bei.”
SI KWELI. Mwaka 2015 NICE iliikubali sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina ya C, ijapokuwa tiba ya wiki 12 ilitangazwa kwa karibu pauni 35,000. Iliponya wagonjwa wengi, na mtu akipona mapema huepushwa na saratani ya ini na gharama ya kupandikizwa ini. Hasara ni dawa inayoongeza gharama bila kuongeza afya.

“Wanahesabu miaka ya kuishi tu.”
SI KWELI. Hali ya mgonjwa nayo huhesabiwa. Anatembea? Anaoga na kuvaa mwenyewe? Anamudu shughuli zake? Ana maumivu? Ana wasiwasi au sononi? Majibu hugeuzwa alama: mwaka wa afya kamili ni 1, kifo ni 0. Tuseme mgonjwa amebakiwa na miaka 4, kila mmoja una alama 0.5; jumla ni 2. Dawa mpya haimwongezei hata siku moja, ila inapandisha alama hadi 0.75, jumla inakuwa 3. Amepata mwaka 1 wa afya kamili. Ikiwa dawa hiyo inagharimu pauni 15,000 zaidi ya ile ya zamani, hiyo ndiyo bei ya mwaka huo.

“Bei ya mwaka huo ina kikomo.”
KWELI, ila hulegezwa. Kwa muda mrefu kilikuwa pauni 20,000 hadi 30,000. Mwishoni mwa 2025 ilitangazwa kwamba kitapanda hadi 25,000–35,000. Tangu 2022 magonjwa makali huongezewa uzito, hadi mara 1.7. Kwa tiba za magonjwa adimu kupindukia, kikomo huanzia pauni 100,000.

“Bei iliyotangazwa ndiyo inayolipwa.”
MARA NYINGI SI KWELI. Orkambi, dawa ya sistiki faibrosisi, ilitangazwa kwa zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka, na NICE ikaikataa 2016. Mwaka 2019 NHS na mtengenezaji walikubaliana bei nyingine, ambayo ni siri hadi leo.

“NICE ikikataa, kuna wanaoumia.”
KWELI, na tunawaona wakiandamana na familia zao. Lakini ikikubali dawa isiyolipa, wengine huumia pia. Fungu ni lilelile: pauni zilizokwenda huko zimepunguzwa kwenye upasuaji wa nyonga au mishahara ya wauguzi. Wanaokosa huduma hizo hawaandamani, kwa sababu hawajui foleni yao imerefushwa na nini. Kikomo kimewekwa kwa ajili yao.