Istilahi za Kuthibitisha Umahiri: Mfano wa Msimamizi wa Uwanja wa Gofu

Madhumuni ya makala haya ni kuichambua dhana moja ambayo katika tafsiri zetu hupewa majina mengi: dhana ya mtaalamu kupimwa na wataalamu wenzake, akaonekana anastahili, akapewa hati. Tumechukua mfano wa msimamizi wa uwanja wa gofu kwa kuwa kazi yake ni ngeni kwa wengi, na jambo geni aghalabu hudhihirisha upungufu ambao mazoea huuficha.

1. Dhana yenyewe

Chama cha Wasimamizi wa Viwanja vya Gofu cha Marekani kiliundwa mwaka 1926 mjini Toledo, Ohio. Mwaka 1971 kilianzisha utaratibu wa kuwapima wanachama wake. Mwombaji hana budi awe na elimu na uzoefu wa miaka kadhaa, hufanya mtihani, kisha uwanja anaousimamia hukaguliwa na wenzake waliokwisha kupata hati hiyo. Wala hati haidumu maisha: huhuishwa kila baada ya miaka mitano. Hapa pana nguzo nne, yaani elimu, uzoefu, mtihani na ukaguzi. Istilahi ifaayo ni ile isiyoiangusha hata moja.

Dhana hii si ngeni nchini. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, huwatahini wahasibu kabla ya kuwatambua. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa mwaka 1994, nayo huupima na kuurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini.

2. Maneno tuliyo nayo

Neno linalotangulia midomoni ni cheti. Lakini aliyehudhuria semina ya siku mbili hupewa cheti, na mtoto mchanga naye hupewa cheti cha kuzaliwa. Neno limekuwa pana mno. Leseni ni ruhusa tu ya kufanya jambo. Usajili ni kuandikwa katika daftari kwa mujibu wa sheria, kama wafanyavyo wahandisi. Ithibati imezoeleka zaidi kwa vyuo vilivyokaguliwa vikakubaliwa, ingawa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeitumia kwa waandishi wa habari pia.

Limebaki neno uthibitishaji, nalo lina mtego wake. Mtumishi wa Serikali akisoma kuwa fulani ni “msimamizi aliyethibitishwa”, ataelewa kwamba fulani amemaliza muda wa majaribio na kuthibitishwa kazini. Maana hiyo imekwisha kukita mizizi katika majalada yetu, wala haifai kuing’oa. Dawa yake ni kuliongezea neno kijalizo: uthibitishaji wa umahiri. Hapo msomaji hawezi kukosea kinachothibitishwa, kwani si ajira bali ni umahiri wa mtu.

3. Jina la mwenye kazi

Mrakibu ni cheo cha polisi. Tukilitumia hapa, tutamvika mtunza nyasi magwanda. Nyapara lina harufu ya mashamba ya mkoloni na magereza. Mkata majani hutaja sehemu ndogo tu ya kazi, maana mtu huyu hupanga umwagiliaji, huchunguza udongo, hupima dawa za wadudu, huandaa bajeti na kuongoza wafanyakazi. Msimamizi latosha, mradi tumtaje anachosimamia.

Gofu nalo lina pacha wake. Tangu zamani gofu ni jengo lililohamwa likabomoka, na wingi wake ni magofu. Mzee wa Mbwamaji, huko Kigamboni, penye mabaki ya makazi ya kale, akisikia habari za msimamizi wa gofu anaweza kudhani anazungumziwa mlinzi wa mambo ya kale. Kwa hiyo neno uwanja lisiachwe: msimamizi wa uwanja wa gofu.

Kwa nyasi zenyewe hatuna haja ya kukopa. Ukoka ni neno letu, na mmea wenyewe ni mwenyeji wetu. Aina mashuhuri za viwanja vya gofu zilizozalishwa Tifton, Georgia, zilipatikana kwa kupandanisha ukoka wa kawaida na ukoka wa Afrika Kusini.

4. Kwa nini jambo hili lina uzito

Tuseme mwenye hoteli ya ufukweni Kigamboni anatafuta mtu wa kumtunzia ukoka mahali ambapo maji ya kisima yana chumvi. Tangazo lililotafsiriwa linadai “mwenye cheti”. Wanakuja wawili: mmoja ana karatasi ya semina, mwingine amefanya kazi miaka kumi kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo au wa Gymkhana, akapimwa na kukaguliwa. Mbele ya neno hilo wawili hawa ni sawa, na pengine mshahara wao utakuwa sawa. Mfasiri hakukusudia dhuluma, lakini neno lake limeitenda.

5. Mapendekezo

Uthibitishaji wa umahiri: utaratibu wa wanataaluma kumpima mwenzao kwa elimu, uzoefu, mtihani na ukaguzi.

Hati ya umahiri: waraka unaotolewa baada ya utaratibu huo, cheti kibaki kwa masomo na mahudhurio.

Msimamizi mwenye hati ya umahiri: aliyepita utaratibu huo na ambaye hati yake haijakwisha muda.

Kuhuisha hati: kuiongezea muda baada ya kutimiza masharti, si kuipata upya.

Msimamizi wa uwanja wa gofu: mkuu wa utunzaji wa uwanja; mtunza uwanja ni mfanyakazi aliye chini yake.

Mapendekezo haya hayahusu gofu peke yake. Mwalimu afundishaye ufundi na afisa aandikaye miundo ya utumishi wanaweza kuyajaribu kwa fundi umeme, mpima ardhi au mpishi. Yakistahimili huko, ndipo tutakapojua kuwa yamefaa. Yasipostahimili, wasomaji watuandikie waeleze yalipopwaya.