Baiskeli za Minaki: fedha zinaishia getini

Biashara ya kukodisha baiskeli kuzunguka Bwawa la Minaki, ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, inapumua Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine wateja ni wa kuokoteza, na masika yakianza hata wikiendi haina uhakika. Wanaofika wengi ni wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kivuli, maji na mazoezi bila kulala ugenini.

Mkodishaji mmoja, mkazi wa Mkuza, Kibaha, aliyeomba jina lake lisitajwe, anahifadhi baiskeli zake nyumbani na kuzisafirisha kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hadi Kisarawe. Mteja akirudi, kabla ya kupokea chochote huinama kukagua breki ya nyuma, kisha njiti, kisha mnyororo. Mchanga wa njiani unasaga mnyororo, na ule udongo mweupe wa Pugu, ambao ndio kaolini yenyewe, ukilowa unaganda kwenye breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Baiskeli zenyewe ni mitumba ya gia kutoka nje, na vipuri vyake ni vya kuvizia Kariakoo. Kwa maelezo yake, gia ikivunjika Jumamosi asubuhi, mapato ya baiskeli hiyo kwa wiki nzima yamekwisha.

Lakini hayo si yanayomkera. Manung'uniko yake makubwa ni geti. Anasema mgeni hulipa kiingilio bila kubishana kwa sababu bei imebandikwa na risiti inatolewa, kisha akifika kwenye baiskeli anaomba apunguziwe, akidai amekwisha kulipa. Kuna waendeshaji wanaokuja na baiskeli zao, wanazunguka bwawa na kuondoka bila kununua hata maji kijijini. Mwenzetu huyu anaona yeye ndiye anayeleta sababu ya watu kurudi, ilhali kinachobaki mkononi mwake baada ya mafuta ya kirikuu, leseni na fundi hakitoshi kununua baiskeli nyingine.

Ofisa mmoja anayeshughulikia utalii anaiona picha tofauti. Anataja takwimu ya taifa: watalii wa ndani zaidi ya milioni 3.2 mwaka 2024, na anasema misitu ya karibu na miji imechangia. Huenda ni kweli. Ila namba hiyo inamhesabu pamoja aliyekwenda Ngorongoro na aliyezunguka Minaki saa moja akarudi Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kula chakula cha mchana. Haituambii ni shilingi ngapi zilizobaki Kisarawe au Mkuza, na nilipomuuliza hilo, alirudia milioni 3.2.

Kila anayetetea biashara hii hutolea mfano Naivasha, Kenya. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68, inaruhusu wageni kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha ina wakodishaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Mfano ni mzuri, lakini tusijidanganye. Naivasha ina hoteli na wageni wa kulala. Minaki haina pundamilia. Ina kima, komba, hondohondo, na popo wa mapango ya machimbo ya kale. Bidhaa yake ni ukaribu na jiji, na mtu wa jiji hutumia fedha kidogo akijua atalala kwake.

Jambo ambalo hesabu za serikali haziligusi ni mkaa. Msitu huu umeliwa miaka mingi na tanuri za mkaa, na baiskeli ndiyo inayoubeba kutoka porini. Magunia yana soko Jumatatu hadi Jumapili; mtalii ana wikiendi. Kijana wa Kisarawe mwenye baiskeli moja anafanya hesabu hiyo kila asubuhi, na kwa mapato ya sasa sioni utalii ukimshinda mkaa kwa hoja ya fedha.

Yapo yanayotia moyo. Treni ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2024, ina kituo Pugu, na inaweza kuwasogeza wateja wa jiji na hata wa Morogoro. Inaweza tu, kwa sababu kutoka stesheni hadi bwawani mgeni bado anahitaji bodaboda, na mkodishaji wa Mkuza bado anahitaji kirikuu.

Kama wenye mamlaka wanaamini takwimu zao, wachapishe mapato ya geti la Minaki peke yake, mwaka kwa mwaka, na waseme ni sehemu gani inarudi kwa vijiji vinavyopakana na msitu. Mpaka hapo, wanaofikiria kuweka mtaji kwenye baiskeli za Minaki waanze na chache.