Kompyuta ya mbali inapolikataa neno lako la siri



Mwezi uliopita nilikuwa Maskati, na sura ya kitabu niliyotakiwa kuipeleka Ijumaa imebaki kwenye kompyuta ya ofisini kwangu, Uingereza. Nafungua Remote Desktop, naandika neno la siri, nakataliwa. Mara ya tatu nikaacha, maana ofisi nyingi huifunga akaunti ukikosea mara kadhaa, na hapo ndipo utakwama kweli.

Kumbe neno lilikuwa sahihi, kosa lilikuwa jina. Ukiandika jina tupu, Windows inaweza kudhani unakusudia akaunti ya laptopu uliyonayo mkononi, si ya kule. Basi andika kwanza jina la mtandao wa ofisi, kisha alama \ halafu jina lako. Kama akaunti ni ya kompyuta ile ya mbali peke yake, tanguliza jina la kompyuta hiyo.

Na ile PIN mnayofungulia Windows asubuhi iacheni. Ni ya mashine moja tu, haisafiri. Mliobadilisha neno la siri karibuni, fungueni Credential Manager mlifute la zamani, maana laptopu hulituma lenyewe bila kukuulizeni.

Kibodi nazo zina vituko vyake. Ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana mahali pa @ na ". Zijaribuni alama hizo kwenye kisanduku cha jina, ambako maandishi yanaonekana.

Sura ilifika Alhamisi usiku. Fundi wa ofisi mpaka leo hajapokea simu.