Weupe wa kujificha na weupe wa kuonekana: rangi ya magari ya kivita inavyosimulia historia

Kwa mkazi wa Gisenyi, gari la kivita lililopakwa rangi nyeupe ni ishara ya Umoja wa Mataifa. Kwa zaidi ya miongo miwili magari hayo yameonekana katika barabara za Goma, ng'ambo ya mpaka, na weupe wake umekusudiwa jambo moja: yatambulike kutoka mbali. Katika nchi za theluji, hata hivyo, jeshi hupaka magari yake rangi hiyo hiyo ili yasionekane kabisa.

Tofauti hiyo ni somo la kwanza kwa wanaounda vielelezo vidogo vya magari ya kijeshi, sanaa yenye wafuasi wengi duniani. Kazi yao haiishii kwenye kuunganisha vipande vya plastiki. Hupaka rangi, kisha huichakaza kwa makusudi, ili kielelezo kionekane kimepita katika mvua, matope na miaka. Miongoni mwa kazi zao zinazodai ujuzi mkubwa ni rangi ya kujificha ya majira ya baridi.

Chokaa katika uwanja wa vita

Katika vita vya majira ya baridi vya mwaka 1939 na 1940, wanajeshi wa Finland walivaa mavazi meupe juu ya sare zao. Vifaru vingi vya Muungano wa Kisovieti vilivyowashambulia vilikuwa bado na rangi ya kijani iliyokoza, navyo vilionekana kwa urahisi juu ya theluji. Mwishoni mwa mwaka 1941 Wajerumani walikutwa na tatizo kama hilo karibu na Moscow: vifaru vyao vilikuwa vya kijivu kilichokoza, na rangi nyeupe haikuwatosha. Walitumia chochote kilichopatikana, zikiwemo chokaa, chaki na hata mashuka.

Rangi hiyo ilikuwa ya muda. Theluji ikiyeyuka, gari jeupe hugeuka shabaha katikati ya nyasi na udongo. Kwa hiyo ilihitajika rangi inayoweza kuoshwa, na chokaa iliyokorogwa kwa maji ilifaa. Fundi yeyote wa Rubavu aliyepaka ukuta kwa chokaa, au kwa udongo mweupe ambao Wanyarwanda huuita ingwa, anajua tabia yake: huacha michirizi ya brashi, hufifia kwa mvua, na huchubuka inapoguswa mara kwa mara.

Tabia hiyo ndiyo mwongozo wa muundaji. Chokaa hutoweka kwanza pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda, kwenye kingo za milango na vishikio, na pale maji ya theluji yanapotiririka. Hubakia nene katika pembe na nyuma ya masanduku ya vifaa. Anayechubua rangi ovyo, bila kujiuliza ni mguu au mkono wa nani uliopita hapo, hutoa kielelezo kisichoaminika.

Hatua za kazi

Kazi huanza na rangi halisi ya gari, kijivu au kijani, kana kwamba theluji haijafika. Ikikauka, huwekwa alama na namba, kisha tabaka la vanishi ya kuilinda.

Hatua ya pili ni tabaka la utengano. Wengi hutumia spreyi ya kawaida ya nywele, inayouzwa madukani. Spreyi hiyo hukauka kama ngozi nyembamba, lakini huyeyuka ikikutana na maji. Juu yake hupulizwa rangi nyeupe ya akriliki iliyozimuliwa, kwa matabaka mepesi yasiyolingana. Weupe wenyewe hutiwa tone la kijivu au la maziwa, kwa kuwa weupe mtupu juu ya kitu kidogo hukifanya kionekane kama mchezo wa mtoto.

Baada ya dakika chache, muundaji huilowesha sehemu ndogo kwa maji, husubiri kidogo, kisha huisugua taratibu kwa brashi fupi. Spreyi iliyo chini huachia, weupe hubanduka, na rangi ya asili hujitokeza. Hapo ndipo subira inapohitajika, kwani kilichobanduliwa hakirudi. Mwisho hufuata michirizi ya kutu, madoa ya mafuta na matope ya chini. Kazi ya kupuliza na ya tina yataka chumba chenye hewa ya kutosha.

Weupe wa Umoja wa Mataifa

Gari la walinda amani huchakaa kwa njia nyingine. Rangi yake ni ya kudumu, haioshwi kwa mvua. Magari mengi hutolewa na majeshi ya nchi wanachama, na Umoja wa Mataifa huzifidia nchi hizo gharama ya kuyapaka rangi nyeupe na ya kuyarudishia rangi yake ya awali. Kwa sababu hiyo, mkwaruzo mkubwa kwenye gari jeupe mara nyingi hufichua kijani cha jeshi lililolitoa. Juu ya weupe huo, herufi nyeusi za UN hutakiwa kusomeka daima.

Kinachobadilika zaidi ni vumbi. Gisenyi na Goma zimekaa juu ya mawe ya volkano, na Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na Mei 2021, iko karibu. Vumbi la huko ni la kijivu kinachoelekea weusi, tofauti na wekundu wa udongo wa sehemu nyingine nyingi za Rwanda. Anayepaka magurudumu ya gari la Goma rangi ya udongo mwekundu amelihamisha mahali bila kujua.

Kipimo nacho kina sheria yake. Katika kielelezo cha 1 kwa 35, punje ya mchanga yenye unene wa milimita 1 ni sawa na jiwe la sentimita 3.5. Ndiyo maana majivu ya volkano hupondwa na kuchujwa kwa kitambaa kabla ya kutumiwa.

Rangi na mwaka 1994

Kwa Wanyarwanda, rangi ya gari la kivita si suala la burudani peke yake. Mnamo tarehe 17 Mei 1994, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 918 la kuongeza kikosi cha UNAMIR hadi wanajeshi 5,500. Kikosi hicho kilihitaji magari ya deraya, na Marekani ilikubali kutoa magari 50 aina ya M113. Mashauriano yalivutana juu ya masharti ya kukodisha, usafirishaji, na hata rangi na maandishi ya kuwekwa juu yake. Siku zilipita, na magari hayo hayakuwafikia waliokuwa wakiwindwa kabla ya mauaji kukomeshwa.

M113 ina urefu wa mita 4.86, katika kipimo cha 1 kwa 35 haifiki sentimita 14, nayo hukaa juu ya kiganja. Muundaji anaweza kuipaka weupe mzuri, kuandika UN kwa herufi sahihi na kuinyunyizia vumbi linalostahili. Lakini akiiweka katika mandhari ya Kigali ya Aprili 1994, atakuwa ameonyesha msaada ambao haukuwepo. Wakati huo UNAMIR ilitegemea magari machache ya magurudumu aina ya BTR-80, baadhi yao yakiwa mabovu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kopo la rangi, muundaji makini huuliza maswali matatu: gari hili lilikuwa wapi, mwaka gani, na nani alilihitaji. Majibu hayo huamua kiasi cha weupe kitakachobaki na kitakachobanduliwa.