Bei ya Haki katika Mbao Zipasuliwazo Nyumbani

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wako miongoni mwetu wenye mvule, mninga au mkongo mashambani mwao. Wakishapata kibali cha kukata, huupasua mti hapo nyumbani na kuwauzia maseremala mbao za vitanda, milango na makabati. Biashara hii ni halali. Je, mwenye mbao auze kwa bei gani asiidhulumu nafsi yake wala mnunuzi?

Imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie. Hakukubali, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali mtu anamdai dhulma. Basi sheria haikuweka kiwango maalumu cha faida. Imeweka sharti la kuridhiana, na hapana ridhaa penye udanganyifu.

Muuzaji na aanze kwa hesabu. Ahesabu thamani ya mti, japo ameurithi, na ujira wa wapasuaji, mafuta ya msumeno na uchukuzi. Ahesabu pia kipoteacho. Msumeno ulao robo inchi kila upitapo, ukipasua mbao za inchi moja, hugeuza takriban sehemu moja katika tano ya gogo kuwa unga. Tena kuna muda: mbao ngumu ya unene wa inchi moja, ikipangwa kivulini kwa kutengwa na vijiti, yaweza kuchukua mwaka mzima kukauka, na baadhi hupinda au kupasuka. Aliyesubiri ana haki ya kuuza ghali kuliko auzaye mbichi.

Lakini mnunuzi naye ana haki yake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Mbao mbichi iliyoitwa kavu haina tofauti na nafaka ile: kabati litaachana viungo, lawama imwangukie seremala na hasara imfike mwenye nyumba. Vivyo hivyo weupe wa pembeni, ambao mdudu huula upesi kuliko moyo wa mti, usifichwe chini.

Na ubao uitwao wa inchi mbili, ukipimwa ukawa na inchi moja na robo tatu, umepungua sehemu moja katika nane. Seremala aliyelipia mbao nane amepokea saba. Ikiwa umepungua kwa kukauka au kwa msumeno, na aambiwe, na bei ihesabiwe kwa kipimo cha kweli. Akinyamaza muuzaji, na akumbuke kuwa Sura ya 83 yaitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjao katika vipimo, na inaanza kwa kuwaonya.

Allah atujaalie chumo la halali na ndimi za kweli. Amin.