Maofisa wa Mpakani Wasio na Farasi

Ofisa kijana wa Ulaya wa karne ya 19 aliota farasi, upanga na nishani. Aliyepangiwa kwenda Ziwa Viktoria aliambulia mwendo wa miguu na msururu wa wapagazi. Njia za kutoka pwani zilipita kwenye mapori ya mbung'o, na farasi walioingizwa bara hawakudumu.

Hata aliyeanzisha kituo cha Bukoba hakuwa mpanda farasi wa vita. Eduard Schnitzer, maarufu kwa jina la Emin Pasha, alikuwa daktari aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840. Alitumikia dola ya Uturuki, kisha mwaka 1878 akafanywa gavana wa Ekwatoria, kusini mwa Sudan. Macho yake yalikuwa mabovu mno. Baada ya kuiacha Ekwatoria alifika pwani, Bagamoyo, na huko, usiku wa karamu mnamo Desemba 1889, alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu, akalazwa kwa wiki kadhaa.

Alipopona aliajiriwa na Wajerumani. Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo pamoja na Franz Stuhlmann na Luteni Wilhelm Langheld, akitumwa kuwahi ardhi ya ziwani kabla ya Waingereza.

Akachelewa. Julai 1, 1890, msafara ukiwa bado njiani, Berlin na London zilitia saini mkataba ulioiacha Uganda mikononi mwa Uingereza na kuweka mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Novemba, Emin akajenga kituo Bukoba, kilometa 40 hivi kusini mwa mstari huo.

Februari 1891 alielekea magharibi, akamwachia Langheld kituo. Uhaya, nchi inayoizunguka Bukoba, palikuwa na falme kadhaa, kila moja na Omukama (mfalme) wake: Kiziba, Kyamtwara, Kianja, na Ihangiro, ambayo leo iko wilaya ya Muleba. Kituo chenye askari wachache kisingeweza kuzitawala zote kwa bunduki, hivyo Wajerumani wakaegemea watawala wenyeji. Omukama Kahigi wa Kianja aliiona nafasi hiyo mapema. Akashirikiana nao, na mamlaka yake yakapanuka.

Emin hakurudi. Oktoba 1892 aliuawa Kongo, kwa amri ya Kibonge, mfanyabiashara wa watumwa.

Mstari wa 1890 haukufuata mto Kagera, ukaiacha Missenyi, ng'ambo ya kaskazini ya mto, upande wa Tanzania. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliuvuka mstari huo, yeye akidai mto ndio mpaka halali. Vita vilivyofuata vilimng'oa madarakani Aprili 1979, na mpaka ukabaki palepale, Mutukula.